Magoti ya Amoke na Maji ya Chumvi

Kisa hiki hata mimi niliyekuwapo hukitilia shaka nikiwa na njaa. Mkikikataa, kikataeni. Hapa Abeokuta nimeshakataliwa maneno ya kweli kuliko haya, na niliyokubaliwa mengi yalikuwa ya kutunga. Mtaamini nini, ninyi mnaodhani kwamba aliyevaa koti jeupe hawezi kuwa mjinga? Mimi makoti meupe nimeyaona kwa karibu. Niliyapa goti langu la kulia, yakalichoma sindano mara tatu, goti lisilokuwa na kosa lolote.

Lakini kisa si changu, ni cha Amoke, mjane wa marehemu kaka yangu, mtia vitambaa nili wa mtaa wa Itoku. Ninaandika nikiwa uani kwake. Yeye yuko pale kwenye vyungu vyake, mikono imekolea rangi mpaka viwikoni, na sharti lake ni moja: kila ukurasa nimsomee kwa sauti kabla wino haujakauka. Kusoma hajui, lakini kwa kunusa uongo ana shahada.

Mtamsikia akiniita Karani. Mke wa kwetu hawataji kwa majina ndugu wa mumewe waliomtangulia nyumbani. Huwabandika majina ya heshima. Siku alipoletwa hapa, miaka arobaini iliyopita, alinikuta nimeketi barazani na gazeti, akaniita Karani. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, na gazeti lenyewe nililishika kichwa chini miguu juu, lakini jina likaganda. Mimi humwita mke wetu. Lamidi, jina nililopewa na baba yangu, halijatoka kinywani mwake hata mara moja, hata siku ile nilipompindulia chungu kizima cha nili.

Sasa, kazi ya nili ni kazi ya magoti, ingawa wanunuzi husifu mikono tu. Amoke aliianza ana miaka tisa. Unachuchumaa kufunga kitambaa kwa uzi, unachuchumaa kukichora kwa unyoya na uji wa muhogo, unainama chunguni, unakivuta kimejaa maji, kizito kama maiti, unakianika, unarudi kuchuchumaa. Miaka hamsini. Wake wa wakubwa wamevaa kazi yake Lagos na London wakapigwa picha. Vitambaa vilisafiri, magoti yakabaki Itoku. Alipotimiza miaka hamsini na minane goti la kulia likaanza kulia kama mlango wa choo cha shule, na la kushoto likaitikia. Daktari mmoja akamwambia gegedu limelika, ule mto laini unaokaa kati ya mfupa na mfupa. Sasa mifupa inasagana yenyewe kwa yenyewe, kama wakwe wasio na mshenga.

Kushuka aliweza. Kuinuka ndiyo ilikuwa kesi. Akajaribu kila takataka inayouzwa na watu wenye vipaza sauti: mafuta ya chatu, vidonge vyekundu vya kwenye mabasi, pilipili iliyopondwa na karafuu, ambayo ilimchubua ngozi na kuliacha goti lilivyo. Wauzaji wote walikuwa na magoti mazuri. Niliwaangalia wakikimbia.

Halafu mwanawe wa pekee, Sikiru, akaenda kupenda. Angependa hapa mtaani tungemaliza mambo kimyakimya. Yeye akapenda Ijebu-Ode! Waijebu hawa, hata kikohozi chao kina majivuno. Na siku ya posa, upande wa mume ndio waombaji: bwana harusi hulala kifudifudi, na mama yake hupiga magoti mkekani mbele ya wakubwa wa binti, hainuki mpaka mmoja wao aje kumwinua kwa mkono. Mkubwa wa wakubwa kule alikuwa Alhaja Raliatu, shangazi wa binti, na habari zake zilimtangulia. Mwaka mmoja kabla, alivunja posa ya mpwa wake mwingine kwa sababu mama wa kijana alipiga goti moja.

“Goti moja!” alisema Alhaja mbele ya watu. “Mama wa goti moja atamlisha binti yetu nusu sahani.”

Wageni wakarudi na viazi vikuu vyao na mbuzi wao.

Posa ya Sikiru ikapangwa miezi mitano mbele. Sikiru, ambaye ana roho ya baba yake na akili ya kuku, akasema, “Mama, acha niwaambie tu kwamba unaumwa.”

“Uwaambie!” Amoke akamkata. “Waseme ugonjwa uko kwenye damu, wajukuu wao watazaliwa wanachechemea? Funga mdomo wako. Nitapiga magoti, na nitainuka.”

“Utainukaje, mke wetu?” nikauliza.

“Karani, hilo ndilo nakuuliza wewe uliyesoma.”

Wiki ile ile redio ikatangaza kwamba kuna profesa hospitalini anatafuta watu arobaini wenye magoti yaliyolika, awafanyie majaribio ya dawa mpya ya sindano. Nikamwambia, umeona? Elimu imekuja na miguu yake. Nikavaa kanzu yangu pana, mpya, iliyopigwa wanga hadi inasimama bila mimi, nikampeleka.

Kule tukakutana na Nesi Titilola, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, akatueleza utaratibu. Nusu ya watu watachomwa dawa, nusu watachomwa maji ya chumvi. Anayechomwa hajui kachomwa nini, na hata Profesa hajui.

“Basi anajua nani?” nikauliza.

“Karatasi, Baba. Imefungiwa kabatini.”

“Kwa hiyo daktari ni kabati.”

Nesi akacheka. Amoke akanikanyaga.

Kwa kawaida ni yeye nesi aliyewapokea watu na kuwapima. Bahati yetu mbaya, siku ile Profesa Onabule alikuwa amekuja mwenyewe. Mzee wa miaka sabini na mbili, mvi kichwa kizima, miwani ya dhahabu, sauti ya msikitini. Amoke aliingia akiwa ameshika ukuta. Akaziona zile mvi. Mnajua kilichotokea, au nyie hamkulelewa? Kwetu mwanamke hamsalimii mzee wa namna ile akiwa wima. Goti la kwanza likashuka, la pili likafuata, kichwa kikainama.

“Salamu, Baba. Poleni na kazi, Baba.”

“Aa, inuka, mama, inuka,” Profesa akasema, akanyoosha mkono kwa upole kama inavyotakiwa, nami nikamshika kwapa la pili kama inavyotakiwa, tukamwinua. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, meno ameyauma. Profesa hakuona jasho. Alikuwa ameshageukia karatasi yake, anaandika huku anasoma kwa sauti: “Anapiga magoti yote mawili bila shida. Hastahili. Mwingine!”

“Baba, mimi ndiye mgonjwa,” Amoke akasema.

“Mama, mshukuru Mungu. Wagonjwa nimewaona, hawawezi kushuka hivyo. Na huyu bwana?”

Huyu bwana alikuwa mimi. Nilikuwa nimemsalimia kwa kuinamisha kichwa tu, maana wanga wa kanzu ulikuwa wa jana na sikutaka kuukunja kwa ajili ya profesa yeyote. Akanitazama kwa huruma, akaandika: “Hawezi kuinama kabisa.” Wakanipiga picha ya goti, na picha ikasema gegedu langu limelika vibaya. Mimi, ninayekimbiza mbuzi! Hapo ndipo nilipowajua watu hawa. Goti linalolia halikupigwa picha, na goti linalocheka likapewa namba: kumi na saba.

Tulipofika nyumbani, mlangoni, Amoke akasema, “Karani, umeniibia ugonjwa wangu.”

Nikamjibu kwamba nitawapeleleza kwa niaba yake, nikiona dawa ni nzuri nitajua jinsi ya kuitoa. Akaniambia nikipata jinsi ya kutoa dawa ndani ya goti langu, atalipasua mwenyewe kwa kisu cha muhogo.

Nikaingia katika utafiti. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi tulikwenda watu arobaini, tukachomwa, tukapewa wali na moyinmoyin, zile kunde zilizosagwa zikapikwa kwa mvuke, na chupa ya soda, tukaulizwa maswali. Sijaona mkusanyiko wa ovyo kama ule. Nesi aliuliza, “Kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi?” Fundi cherehani mmoja akajibu kumi na mbili. Akaambiwa mwisho ni kumi. Akasema basi andika kumi, hizo mbili nitarudi nazo nyumbani.

Lakini swali kubwa lilikuwa la saba: je, mgonjwa anaweza kupiga magoti? Hilo Profesa hakumwachia mtu. Alikuja mwenyewe kila Jumanne hiyo, akaketi, akaita mmoja mmoja. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo elimu yote ilipozama. Mwanzoni, siku ya kuandikishwa, karibu wote walipokelewa na Nesi Titilola. Nesi ni mdogo wao. Nani atampigia magoti mtoto wa juzi, tena magoti yanauma? Wakamwambia hatuwezi, naye akaandika hawawezi. Baadaye wanaingia kwa Profesa, mzee, mwenye mvi, aliyewapa wali. Wanawake chini! Wanaume kifudifudi! Mwindaji mmoja mzee alijitupa sakafuni kama gunia, ikabidi watu wawili wamwinue, na kuinuliwa kwetu ni adabu, si dalili. Profesa alisema, “Inuka, baba, inuka,” akatia alama: anaweza.

Alitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota fuko la fedha barabarani. Na mimi nilimwona, nikanyamaza. Kwa nini niseme? Moyinmoyin ilikuwa na yai.

Mwezi wa nne wakatuita sote siku ya kufungua kabati. Amoke alikuja nami siku hiyo. Alisema anataka kuona kwa macho kilichofanywa na ugonjwa wake. Akasimama mlangoni ameegemea fremu, maana viti vilikuwa vya wagonjwa.

Profesa akafungua ile karatasi, akasoma, akaisoma tena. Akavua miwani, akaifuta. Waliochomwa dawa, ishirini, kumi na tisa sasa wanapiga magoti. Waliochomwa maji ya chumvi, ishirini, kumi na tisa nao wanapiga magoti. Wawili tuliobaki tulikuwa mimi na bwana mwingine wa kanzu ya wanga.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Profesa akakohoa, akasema, “Ndugu zangu, hii ndiyo nguvu ya imani. Hata maji ya chumvi, mtu akiyaamini...”

Watu wakapiga makofi! Watu waliobebwa makwapa asubuhi ile ile walipiga makofi kwa imani yao. Nikasema moyoni, nchi hii ikizama, itazama inashangilia.

Ndipo Amoke akatoka mlangoni. Alitembea taratibu katikati ya viti mpaka mbele ya meza ya Profesa, akasimama wima. Hakuinama hata kidogo.

“Habari za mchana, Baba Profesa,” akasema, kama anamsalimia muuza vitunguu.

“Mke wetu!” nikanong’ona. “Magoti!”

“Sipigi,” akasema kwa sauti. “Baba, andika hilo. Andika: Amoke, mtia nili, leo hakupiga magoti.”

Profesa akavimba. “Mama, wewe ni nani? Umo katika utafiti huu?”

“Simo. Hapo ndipo ulipokosea kwanza. Nilikuja siwezi kuinuka, nikakupigia magoti, ukanifukuza. Hawa wamekuja hawawezi kuinuka, wanakupigia magoti, unasema wamepona. Baba, sisi tunashuka kwa sababu ya mvi zako. Sindano zako hazimo.”

Profesa akamgeukia nesi, bila shaka akitaka ambebe mwanamke huyu nje. Nesi Titilola alikuwa anatazama viatu vyake.

“Titilola?”

“Ni kweli, Baba,” nesi akasema polepole. “Mimi hawajawahi kunipigia magoti. Hata mmoja.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje, Baba? Wewe ni mkubwa wangu.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu kavuka bahari kusoma mifupa, akarudi, asijue wazee wa kwao wanavyosalimiwa!

Lakini nitampa haki yake, ingawa inanichoma: hakumfukuza. Aliketi kama mfuko uliotobolewa, kisha akaagiza kigoda kifupi. Akasema yeye atatoka nje kabisa, na kila mtu aketi kwenye kigoda ainuke peke yake mbele ya nesi. Kati ya watu arobaini waliinuka kumi na mmoja, wengine wa dawa, wengine wa maji. Ilipofika zamu yangu nilitaka kumwonyesha nesi kazi, nikaketi na kuinuka mara thelathini bila kushika kitu.

“Baba,” nesi akaniambia, “goti lako ni la mbuzi.” Akafuta namba kumi na saba. Moyinmoyin yangu ikaishia hapo.

Profesa aliporudi alizungumza na Amoke faraghani, nami nikiwa pembeni nikijifanya ninafunga kiatu. Akamwambia ukweli ambao wauza mafuta ya chatu hawaujui: gegedu lililokwisha yeye hana dawa ya kulirudisha, wala hajui kama ile sindano ni dawa, itabidi aanze upya mwakani, kwa kigoda. “Ila paja likiwa na nguvu, mama, hulisaidia goti bovu kubeba mzigo. Hilo nakuambia bila kabati.”

Zilibaki wiki tano. Nesi akamfundisha: keti kwenye benchi, funga mfuko mguuni, nyoosha mguu, hesabu kumi, shusha. Asubuhi na jioni. Mfuko uliopatikana ulikuwa wa unga wa muhogo wa Ijebu. Nilimdhihaki kila siku. “Hii ndiyo dawa? Watu wamesoma miaka thelathini ili wakufunge chakula kifundoni?” Yeye alihesabu tu, jasho linamtoka, analaani kwa kila namba: moja, ya Alhaja, mbili, ya Profesa, tatu, ya Karani. Wiki ya tano aliweza kushuka mkekani na kupanda nusu ya njia. Nusu nyingine haikupatikana.

Siku ikafika. Ijebu-Ode, hema jeupe, vilemba vya kila rangi. Alhaja Raliatu amekalia kiti kama chifu, kilemba cha dhahabu kimesimama kichwani kama bakuli lililopinduliwa. Mwanamke msemaji wao akapaza sauti: “Wakwe, mbona mmesimama kama nguzo za umeme? Mmekuja kuomba au kusoma mita?”

Sikiru akalala kifudifudi na rafiki zake. Amoke akashuka. Goti la kwanza. La pili. Yote mawili yakagusa mkeka, na nikamwona Alhaja akiyahesabu. Kisha msemaji akaimba, akasifu, akatutukana, akaimba tena, na mke wetu yuko pale chini, midomo imekauka. Mimi nilikuwa nimeshajipanga, akishindwa nitazimia, watu wanikimbilie mimi.

Alhaja akainuka kuja kumwinua. Alikuja polepole sana. Sisi sote tukadhani ni maringo, maana Mwijebu hata akiungua na moto hutoka kwa mwendo wa harusi. Akafika, akainama, akanyoosha mikono, na hapo goti lake likalia, paa!, nikalisikia mimi niliyekuwa karibu na ngoma. Akaenda chini. Magoti yote mawili, mbele ya Amoke, uso kwa uso.

Haijapata kuonekana mkubwa wa binti kumpigia magoti mama wa mume. Mimi niliyekuwa mstari wa mbele nilisikia kila neno.

“Alhaja,” Amoke akanong’ona, “na wewe?”

“Miaka saba. Ukisema nitakuua.”

“Na yule mama wa goti moja?”

Alhaja akauma mdomo. “Wivu, dada yangu. Yeye angalau alikuwa na moja.”

Amoke akaanza kutikisika. Nikadhani analia, alikuwa anacheka. Alhaja naye akacheka, bakuli la kilemba likalala upande. “Tutatokaje hapa?” akauliza.

“Nishike viwiko. Kaza mapaja, si magoti. Nikifika kumi, sukuma. Mimi nina nusu ya njia, wewe lete nusu nyingine.”

Wakahesabu pamoja, wanawake wawili wazito, vipaji vya nyuso vimegusana. Walipofika kumi wakasukumana, wakayumba kulia, wakayumba kushoto, wakasimama. Wazee wa Kijebu, ambao hawakubali kamwe kwamba kuna adabu wasiyoijua, wakatikisa vichwa kama kwamba wameiona tangu utotoni. Mmoja akamweleza jirani yake kuwa hivyo ndivyo walivyofanya mababu.

“Binti ni wenu,” Alhaja akasema, bado amemshika Amoke viwiko, kwa sababu akimwachia ataanguka. “Mchukueni.”

Ngoma zikalipuka. Na Amoke wetu, kwa magoti yale yale yaliyokataliwa na elimu, akaingia uwanjani akacheza, akashuka mpaka chini akapanda, akashuka akapanda, mara arobaini bila kupumua, mpaka Profesa Onabule mwenyewe, aliyekuwa mgeni wa heshima, akavua miwani yake ya dhahabu, akalala kifudifudi kwenye vumbi mbele yake, akasema, Mama, kwa heshima ya magoti haya nakuomba mbele ya Waijebu wote elfu mbili...

“Lamidi!” sauti ikatoka kule kwenye vyungu. “Profesa gani alikuja?”